Saa Mbili Ipi?

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kunitafutia fisi na sungura, maana zamani hii ina kompyuta ndani yake, palikuwa na bonde la mpunga liitwalo Kisoroto. Bondeni palikuwa na msichana mwenye shingo ngumu, jina lake Sikudhani. Nasema msichana, lakini alikuwa na miaka thelathini na miwili na shahada ya hesabu. Mama yake ndiye aliyeendelea kumwita msichana, na mimi ni nani nimpinge mama mtu?

Bonde zima lilikunywa kutoka bwawa moja. Bwawa lina tuta, tuta lina lango, lango lina gurudumu la chuma la kulifungulia. Maji yakitoka langoni hushuka mferejini, yanapita majaruba ya mbele, yanapita ya katikati, yanafika ya mkiani yameshachoka. Jaruba la mwisho kabisa, lile ambalo hata vyura walilihama, lilikuwa la Bi Somoe, mama yake Sikudhani.

Sasa sikilizeni shida ya mkiani. Maji yakichelewa, unachelewa kupanda. Ukichelewa kupanda, mpunga wako unaiva peke yake, wenzako wameshavuna na kupumzika. Mpunga ukiiva peke yake, kwelea kwelea wa wilaya nzima wanajua pa kwenda kula. Misimu miwili mfululizo Bi Somoe alivuna mabua. Na Jumuiya ya Watumia Maji ilikuwa na sheria yake: jaruba lisilovunwa misimu mitatu hupewa mtu mwingine. Wa tatu ndio ulikuwa unakuja.

Dawa ilikuwa moja, na dawa hiyo ni maji ya kwanza. Huko Kisoroto, msimu ukianza, kabla ya zamu, maji ya siku ya kwanza huenda kwenye jaruba moja tu, kutwa nzima. Jaruba la nani? La mtu aliyelitendea bonde jema kuliko wote mwaka huo. Hayagawanywi, kwa sababu yakigawanywa si ya kwanza tena. Aliyeyapata hupanda mapema, huvuna mapema, na kwelea humsikia kwa jina tu. Sikudhani aliyataka maji hayo kwa ajili ya mama yake. Aliyataka akila, aliyataka akioga. Shikeni hilo, nitalirudia.

Haya. Jumuiya ilikuwa na chumba kimoja, bati juu, kompyuta mbili chini, kiliitwa Ofisi ya Hesabu za Maji. Humo alikaa Sikudhani na mwenzake Pendaeli, kijana kutoka milima ya Upareni, mpole, mrefu, mnywaji chai asiye na kipimo. Kazi yao ilikuwa kuandika mto ndani ya kompyuta: mvua ikinyesha kiasi hiki, bwawa litajaa lini? Lango likifunguliwa hivi, maji yatafika wapi? Mto wa kwenye kompyuta ukifurika, hakuna anayelowa. Ndiyo faida yake.

Tatizo lilikuwa lugha ya kuuandikia. Lugha waliyoikuta haikujua namba ni ya nini. Kwake saba ni saba, iwe saba ya mita au saba ya mbuzi. Mwaka uliotangulia mtu mmoja, tumsitiri, alichukua kina cha bwawa kwa mita, akakijumlisha na kina cha mfereji kilichopimwa kwa pima, pima ile ya mikono miwili iliyonyooshwa. Kompyuta ikajumlisha bila hata kuguna. Bata wote wa Mama Nyamizi wakaenda na maji. Na Mama Nyamizi ndiye mwenyekiti wa Jumuiya. Jamani!

Basi Mama Nyamizi akasimama mkutanoni, akasema, "Tengenezeni lugha yenu wenyewe. Ya Kiswahili, inayojua kipi ni kipi. Mimi bata wangu hawakufa bure."

Sikudhani akachukua daftari, akakaa wiki tatu. Alichotengeneza wataalamu wanakiita mfumo wa aina. Yeye alikiita koo. Kila namba, alisema, lazima iwe na ukoo wake. Mita ni ukoo, lita ni ukoo, kilo ni ukoo. Kujumlisha ni kula sinia moja, na kwenye sinia hilo wanakaa wa ukoo mmoja tu; mita akija kwenye sinia la lita, afukuzwe. Kuzidisha ni kuoana. Kina kikioa eneo, huzaa ujazo, na ujazo ni ukoo mpya, una sinia lake. Kugawanya ni talaka.

"Na talaka nayo inazaa?" Pendaeli akauliza, kikombe mkononi.

"Inaacha mtoto," Sikudhani akamjibu. "Ujazo ukigawanywa kwa muda, unabaki na mtiririko. Lita kwa sekunde. Andika."

Pendaeli akaandika. Kazi yake ilikuwa kumtengeneza mkaguzi, yaani ile sehemu ya lugha inayosoma ulichoandika kabla hakijafanyiwa kazi, inayochungulia kila sinia na kuona nani kakaa na nani. Mkaguzi akiridhika, mto unatiririka. Asiporidhika, hakuna kinachosogea.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wakafika kwenye saa.

Hapo sasa. Ninyi mlioketi hapo, nikiwaambia "saa mbili," mnasikia nini? Wewe unasikia asubuhi, watoto wameshaingia darasani. Mwenzako anasikia usiku, taarifa ya habari. Yule pale anasikia muda wa kuchemsha makongoro. Neno ni lilelile. Sikudhani akaliona shimo hilo kabla halijammeza mtu, akasema patengwe maneno mawili: *wakati* kwa saa ya kwenye ukuta, *muda* kwa saa za kungoja.

Walipopeleka pendekezo kwa watumiaji, Mzee Lukindo akasimama. Huyu ndiye mshika lango. Miaka ishirini na sita alikuwa anazungusha lile gurudumu, kiganja chake cha kulia kimekuwa kigumu kama kwato. Miwani yake ilifungwa kwa uzi, na ubishi wake haukufungwa kwa chochote.

"Saa ni saa," alisema. "Nimeanza kushika lango wewe binti hujaanza shule. Hakuna mtu bonde hili anayesema 'nimengoja muda mbili.' Mkituletea lugha ya kutufundisha kusema, tutaiacha hapohapo mlangoni. Saa ni saa!"

Watu wakapiga makofi. Sikudhani akanuna. Kusema kweli mzee alikuwa na hoja, maana lugha isiyoandikika na watu wake ni ya kumfaa nani? Neno likabaki moja.

Jioni hiyo Sikudhani akarudi nyumbani, akamkuta Bi Somoe anapepeta mchele. Akamlilia shida yake, saa hivi, saa vile. Mama akacheka, ungo ukatikisika.

"Mwanangu, hilo nalo la kuvunjia kichwa? Kuna saa ya kufika na kuna saa ya kukaa. Mgeni akikuambia anakuja saa mbili, hiyo ya kufika. Akikuambia atakuwepo saa mbili, hiyo ya kukaa. Ukijua zote mbili ndiyo unajua upike chai au upike wali. Hebu nishikie huu ungo."

Sikudhani hakuushika ungo. Alikwenda kuchukua daftari. *Aliyefika saa mbili akikaa saa tatu, anaondoka saa tano.* Ya kufika ukiiongezea ya kukaa, unapata ya kufika nyingine. Sawa. *Lakini mgeni wa saa mbili na mgeni wa saa tatu hawafanyi mgeni wa saa tano.* Ya kufika na ya kufika hazijumlishiki, ni wazimu. Usiku ule mama alipepeta peke yake mpaka akamaliza.

Basi wakakubaliana: mtu ataandika saa, saa tupu, kama anavyosema. Mkaguzi atatazama mazingira ajue ni ya kufika au ya kukaa. Na akishindwa kujua?

"Akatae," Sikudhani akasema. "Aandike KOSA, basi."

"Aulize," Pendaeli akasema. "Dada, watu wetu ukiwaambia kosa wanazima kompyuta wanaondoka. Ukiwauliza, wanajibu. Kuuliza si ujinga."

"Mkaguzi si shangazi wa kuulizauliza!"

"Mwache awe shangazi kidogo."

Wakabishana siku mbili. Mwisho mkaguzi akawa anauliza. Lakini Pendaeli akaongeza jambo jingine, na hili Sikudhani alilipinga mpaka sauti ikamkauka. Pendaeli aliweka mlango wa nyuma. Mtu akiwa na haraka, akiandika maneno mawili, *acha tu*, mkaguzi ananyamaza na kazi inaendelea.

"Umejenga ukuta halafu umetoboa tundu!" Sikudhani alimfokea.

"Nyumba isiyo na mlango wa nyuma inaunguza watu."

"Atakayetumia *acha tu* kwenye ofisi hii hafai kuitwa mtu wa hesabu. Na ninakuambia mbele ya Mungu."

Maneno hayo aliyasema yeye, si mimi. Pendaeli akanywa chai yake. Ila kimyakimya, bila kumwambia mtu, akampa mkaguzi tabia moja zaidi: hata akinyamazishwa, swali lake ambalo halikujibiwa alichapishe chini kabisa ya karatasi.

Siku zikaenda. Miche ya bonde zima ikaoteshwa kwenye kitalu kimoja, chini kidogo ya tuta, imesimama kijani, imebakiza wiki moja kuhamishiwa majarubani. Kitalu kikienda, msimu umekwenda. Hakuna mbegu nyingine na hakuna mwezi mwingine. Kwa Bi Somoe, msimu ukienda, na jaruba limekwenda.

Alfajiri moja mvua ikaangushwa milimani huko juu, si mvua ya kuimbiwa nyimbo. Saa kumi na mbili kasoro Sikudhani alikuwa ofisini peke yake, nywele hazijachanwa, bwawa linapanda kwenye kioo cha kompyuta. Akauuliza mto wake wa ndani, mto ukamjibu vizuri: lango la pembeni, lile la dharura lenye gurudumu lake, lifunguliwe sasa hivi, maji yamwagikie mtoni, likae wazi saa mbili, lifungwe. Ukichelewa kufungua, tuta linapasuka juu ya kitalu. Ukichelewa kufunga, mto unarudisha maji na kukifurisha kitalu kwa upande wa pili. Pande zote kitalu kinakwenda.

Na kitaluni nani alikuwepo? Bi Somoe, tangu alfajiri, na kombeo lake, anafukuza ndege kwenye miche. Sikudhani alimwona kwa dirisha, kanga nyekundu, mdogo kule chini ya tuta. Amri ya lango ilikuwa lazima iandikwe kwa lugha ile ile, maana ndiyo inayochapa karatasi langoni, kwenye kile kimashine kama cha risiti za sheli, na mshika lango hakugusa gurudumu bila karatasi. Sheria ya Mama Nyamizi hiyo, tangu bata wake.

Sikudhani akaandika: *fungua lango la pembeni: saa 2.*

Mkaguzi akauliza: *Saa mbili ipi? Ya kufika au ya kukaa?*

"Hata wewe!" Sikudhani akapiga kelele. "Leo hii, hata wewe!" Akaitazama ile kanga nyekundu. Na vidole vyake, vidole vile vile vilivyoandika koo zote na masinia yote, vikaandika: *acha tu.*

Mganga hajigangi, ndugu zangu. Mkaguzi akanyamaza, amri ikaenda.

Kule langoni kimashine kikalia kriii, kikatema karatasi. Mzee Lukindo akaivuta miwani kwa uzi, akasoma. *Fungua lango la pembeni: saa 2.* Akatazama saa yake ya mkononi: saa kumi na mbili. Akajisemea, aa, basi bado, nina saa mbili mbele yangu, nichemshe uji. Akageuka. Akamaliza kugeuka. Halafu akaona karatasi ina mstari mwingine chini, herufi ndogondogo, akairudisha karibu na pua.

*Niliuliza saa mbili ipi. Sikujibiwa.*

Mzee akaduwaa. Miaka ishirini na sita, karatasi ngapi zimepita mkononi mwake, hakuna hata moja iliyowahi kulalamika. Wengine wangecheka. Yeye akatoa simu.

"Mwanangu Sikudhani. Saa mbili ipi?"

"Ya kukaa, mzee! Ya kukaa! Fungua sasa hivi! Saa mbili kamili lifunge!"

Mnaona utamu wa Kiswahili? Kufungua saa kumi na mbili, kukaa saa mbili, kufunga saa mbili asubuhi. Mbili ndani ya mbili. Mzee alilirukia gurudumu, akazungusha mpaka mshipa wa shingo ukasimama. Maji yakapiga kelele, yakageukia mtoni. Tuta lilivuja machozi mawili matatu, likashika. Saa mbili kamili akafunga. Miche ikabaki imesimama. Bi Somoe alirudi nyumbani analalamika kwamba makelele ya maji yamemharibia shabaha.

Wiki ile ile Jumuiya ikakutana ghalani, mchana, kuamua maji ya kwanza. Mama Nyamizi alikaa mbele, amefunga kilemba cha sherehe. Akasema, "Kitalu kimepona, na hakikupona chenyewe. Wanaodai wadai."

Akasimama Mzee Lukindo. "Msimu huu ni wangu wa mwisho, macho hayanitaki tena. Miaka ishirini na sita nimewafungulia maji ya kwanza watu wengine, mimi mwenyewe sijawahi kuyaona yakiingia kwangu. Karatasi ilikuwa na amri, na amri hutekelezwa. Mimi sikutekeleza. Mimi niliuliza. Bila mimi kuuliza, hakuna kitalu."

"Kweli!" watu wakasema.

Akasimama Pendaeli, kwa mara ya kwanza bila kikombe. "Mimi nina jaruba la kukodi, na mwaka wa sita huu mnaniita mtu wa kuja. Mnajua mila: aliyewahi kupata maji ya kwanza ni mwenyeji, na watoto wake ni wenyeji. Mzee aliuliza, ndiyo. Lakini nani alimwambia kuna la kuuliza? Yeye alishageuka kuchemsha uji, alituambia mwenyewe siku ile. Swali nililiandika mimi, na nililiandika wakati nimeambiwa nisiliandike. Bila swali langu, hakuna kitalu."

"Kweli!" watu wakasema. Watu wa ghalani wakianza kusema kweli huwa hawajui kunyamaza.

Sikudhani akasimama. Mama yake alikuwa safu ya nyuma, mkiani hata humo. "Mzee aliuliza swali la Pendaeli. Pendaeli aliandika swali la kwangu. Nani aliyegundua kwamba saa ni koo mbili? Nani aliyekatazwa kwa makofi? Swali haliwezi kuulizwa na mtu asiyejua kuna majibu mawili. Bila koo zangu, hakuna swali, na bila swali hakuna kitalu."

"Kweli tupu!" watu wakasema, na wa nyuma wakaanza kupiga vigelegele. Bi Somoe akajifunika uso kwa kanga, kwa furaha.

Mama Nyamizi alikuwa ameshika ile karatasi. Aliigeuza, akaisoma chini, polepole. "Sikujibiwa," akasema. "Hapa pameandikwa *sikujibiwa*. Nani hakujibu?"

Shingo za safu za nyuma zikanyooka.

Pendaeli alijua. Kompyuta zake huandika kila kitu, alishaona nani aliandika *acha tu*, saa ngapi na dakika ngapi. Akatazama vidole vya miguu yake. Mzee Lukindo hakujua. Mama Nyamizi hakujua. Sikudhani angeweza kusema umeme ulikatika. Angeweza kusema kimashine kibovu, na kimashine kibovu kweli. Sikudhani akamtazama mama yake kule nyuma, uso umetoka kwenye kanga sasa, unang'aa.

"Ni mimi," akasema. "Nilikosea amri, mkaguzi akanishika, nikamnyamazisha. Niliandika *acha tu*. Mimi niliyeapa."

Mguno ulizunguka ghala zima ukarudi. Mzee Lukindo akavua miwani. "Kumbe aliyeokoa kitalu na aliyetaka kukiangamiza ni mtu mmoja!"

"Ni mimi, mzee."

"Basi dai lake limekufa," mtu mmoja akasema.

"Limekufaje?" akajibiwa. "Ukuta wake umemzuia hata yeye. Si ndiyo sifa ya ukuta?"

"Na mlango wa nyuma nani aliutoboa?" akauliza mwingine. "Si Pendaeli huyo? Asingeutoboa, amri mbovu isingetoka ofisini."

Pendaeli akainua kichwa. "Usingekuwepo mlango, kompyuta ingekataa tu, na mama yake alikuwa chini ya tuta. Nani anajua angekaa hapo mpaka lini?"

"Na nani alikataa maneno mawili?" Sikudhani naye akasema, taratibu, hana hasira tena. "Yangekuwa mawili, nisingekosea."

Mzee Lukindo akalikuna sikio. "Hilo nimelikataa mimi," akakubali. "Saa ni saa, nilisema." Kisha akauliza, kama mtu anayetafuta funguo zake, "Lakini hayo maneno mliyoyatumia, ya kufika na ya kukaa, niliyaelewa mara moja hata kabla ya chai. Hayo si maneno ya ofisini. Ni ya nani?"

Sikudhani akamtazama. Hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja, na aibu ya pili ikampanda juu ya ile ya kwanza. "Ya mama," akasema.

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Bi Somoe akashtuka, akajitengeneza kanga. "Mimi? Mimi nilikuwa nazungumzia wageni! Huyu nilimwomba anishikie ungo, hata ungo hakushika."

Watu wakacheka mpaka bati likalia. Mama Nyamizi akangoja wamalize. "Bi Somoe, unadai?"

Bi Somoe akasimama, akawatazama wote, akamtazama mwanawe. "Sijui habari za koo wala mkaguzi. Sikufanya kitu. Lakini nikiulizwa kama nalitaka jaruba langu, nitadanganya nikisema silitaki. Nalitaka. Nimelilimia tangu huyu hajajua kutembea."

"Usimpe kwa ajili yangu, Mama Nyamizi," Sikudhani akasema. "Watasema nimetoka mlango wa mbele nikaingia wa nyuma."

"Na usimnyime kwa ajili yako pia," akasema Mama Nyamizi. "Kaa chini."

Wakajadili mpaka saa kumi. Ya kufika, msinitibue. Hawakuafikiana. Kesho yake asubuhi msimu ukafika, maana msimu haungoji mkutano, bonde zima likapanda kwenye tuta. Mzee Lukindo akashika gurudumu kwa kile kiganja cha kwato, kwa mara yake ya mwisho. Pendaeli alikuwepo, na kikombe. Sikudhani alikuwepo, pembeni ya mama yake, na safari hii alikuwa amembebea ungo. Vijana wameshika majembe, tayari kufungua kingo za jaruba lolote watakaloambiwa na kuziba yote mengine.

"Haya, Mama Nyamizi," mzee akasema. "Nizungushe, maji yaende kwa nani?"

Mama Nyamizi akafungua mdomo, akaufunga. Na mimi niliyewapa hadithi hii nami mdomo nimeufunga, swali nimelileta kwenu. Mmoja aliuliza, lakini ndiye aliyekataa maneno mawili. Mmoja aliliandika swali, lakini ndiye aliyetoboa tundu. Mmoja alizigundua koo, halafu akazivunja, halafu akasema kweli ilhali angeweza kunyamaza. Na mmoja alipepeta mchele tu, akasema habari za wageni. Mkono wa mzee uko kwenye chuma, bwawa limejaa, kwelea wameshaanza kuzunguka juu.

Je, nani alistahili? Semeni haraka. Na atakayeniambia ngojeni saa mbili, atanijibu kwanza: saa mbili ipi?